Pelagia na Breki ya Nyuma

Nani alilegeza breki ya pikipiki ya Pelagia?

Msiangaliane. Nimeuliza mapema ili mwenye jibu apate muda wa kulitafuna wakati mimi nasoma, kwa sababu kusoma nitasoma, historia ya marehemu ni haki yake, na nitafuata utaratibu wote mnaoujua, kuzaliwa, shule, kazi, ndoa, watoto, ugonjwa na kifo, na tukifika mwisho nitauliza tena.

Baba Paroko, Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wetu, shikamooni. Majirani zetu Waislamu, mliofika kabla hata ya ndugu wa damu na kushika majembe bila kuombwa, asalaam aleykum. Mimi ni Magreth Kasimiri, mdogo wake marehemu wa kumfuata, nafundisha chuoni huko Mwanza, na nimepewa kazi hii na kamati ya mazishi kwa sharti kwamba nisome karatasi iliyochapwa na kamati, karatasi ambayo, kwa heshima zote, nimeikalia pale kwenye kiti, kwa sababu inasema "alifariki kwa ajali" kama vile ajali ni mafua yanayompata yeyote, na nilipoandika ya kwangu yenye habari za breki niliambiwa, "Magreth, hapa ni msibani, si gereji, mambo ya ufundi yaache." Nimeyaacha mengine yote, hayo nimebaki nayo.

Na kabla sijaanza mjue kwamba kuna mtu hayupo hapa ambaye angekuwa mstari wa mbele kubeba jeneza hili. Fundi Sabiri, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, yuko mahabusu tangu Jumamosi, kwa sababu familia hii, familia yangu mimi, ilikwenda polisi kusema kwamba yeye ndiye aliyeharibu breki ya Pelagia, na mkewe Kuluthumu, mume akiwa ndani kwa maneno yetu, ndiye aliyewapikia wali mliokula mchana huu. Tuendelee.

Pelagia Kasimiri alizaliwa tarehe 14 Machi 1983 Igalula, katika nyumba za wafanyakazi wa reli karibu na stesheni, akiwa mtoto wa pili wa marehemu mzee Kasimiri na marehemu mama Anjelina, akitanguliwa na kaka yetu Octavian, ambaye mnamwona pale mbele kama mwenyekiti wa kamati. Baba alikuwa mtu wa genge, kazi yake ilikuwa kutembea kwenye reli na spana ndefu begani akikaza nati zilizolegea, na Pelagia akiwa mdogo alimfuata nyuma akizigonga kwa kijiwe na kusikiliza mlio, akitaka kujua ipi imekaza na ipi inadanganya. Baba naye alitusimulia habari za babu yake, mpagazi wa misafara iliyopita hapa ikitoka Ujiji kwenda pwani, kwamba mzigo ukimfungukia mtu njiani hawakuanza kumlaumu aliyeubeba, walitazama fundo, kwa sababu kila mtu alikuwa na fundo lake, na aliyefunga vibaya alijitokeza mwenyewe kabla hajaitwa. Hao walikuwa watu wasiokwenda shule. Sisi tumekwenda.

Alianza elimu ya msingi hapo hapo Igalula mwaka 1991 na kuimaliza 1997, akajiunga na sekondari hapa Tabora mjini mwaka 1998, akahitimu kidato cha nne 2001, na karatasi ya kamati inasema alikuwa akiongoza darasa, jambo ambalo ni uongo na yeye mwenyewe angelikata kwa kalamu nyekundu, Pelagia alikuwa wa katikati, mbishi, mwenye mwandiko mbaya, aliyeuliza swali mara ya pili na ya tatu mpaka mwalimu anatamani kengele igongwe. Baada ya hapo alisoma chuo cha kilimo kuanzia 2003 hadi 2005.

Mwaka 2006 aliajiriwa kuwa afisa ugani katika wilaya ya Uyui, na kwa miaka kadhaa alivizungukia vijiji vyake kwa baiskeli, akifundisha habari za mahindi, tumbaku na mizinga ya nyuki, hadi mwaka 2013 alipojinunulia pikipiki yake ndogo, ya injini ya 125, na hapo ndipo, kwa wengi wenu, Pelagia mnayemkumbuka alipozaliwa. Wapo waliosema mwanamke na pikipiki wapi na wapi. Walisema kwa sauti, na baadaye walimpungia mkono barabarani awape lifti.

Leo asubuhi nimesikia watu wakimwita mcheshi, mpole, mwenye tabasamu kwa wote. Hakuwa hivyo. Alikuwa mkali, na ukali wake ulipanda kabisa ukimrudishia pikipiki tangi likiwa kavu. Alikuwa akifanya kazi kwenye njia za mchanga ambako petroli unauziwa kwenye chupa za maji ya kunywa, imechanganywa na Mungu anajua nini, kwa hiyo alijifunza kuibana pikipiki yake kama mama anavyobana unga mwezi wa Februari, na alilojifunza hakuweza kukaa nalo kimya. Mkutano wa wakulima ulianza na salamu ya "Mwangaluka", ukaja kwenye viwavijeshi, na kabla watu hawajanyanyuka alikuwa ameshawatoa nje kwenye pikipiki zao, akishika cheni ya huyu, "Hii imekauka na imelegea kama kamba ya kuanikia nguo, unalipia petroli ya kuvuta kutu," akibonyeza tairi la yule, "Weka upepo baba, unaendesha godoro," akifungua chujio la hewa la wa tatu na kulikung'uta vumbi mbele ya macho yake, "Injini inakohoa nawe unaiongezea mafuta, mtoto akikohoa unamwongezea ugali?" Alichukia mtu anayepiga resi akiwa amesimama. Alichukia mtu anayezima injini mteremkoni akidhani ameokoa kitu. Na breki yenyewe hakuikanyaga hovyo, aliachia resi mapema, akaiacha pikipiki ipunguze mwendo yenyewe, kwa sababu kwake yeye kila breki isiyo ya lazima ilikuwa petroli iliyomwagwa chini. Likumbukeni hilo, maana nitalirudia.

Somo lake la breki ya nyuma tumelisikia sote, ndugu, majirani, mpaka Adriano akiwa darasa la tatu alikuwa akiliigiza tukacheka. Unaisimamisha pikipiki kwa stendi kubwa, unazungusha gurudumu la nyuma kwa mkono. Likiwa zito, breki inashika muda wote na inakula petroli yako bure, kwa hiyo unalegeza nati kidogo, ile iliyo mwisho wa fimbo ya breki. Hiyo ni nusu ya kwanza ya somo. Nusu ya pili ni kwamba ukishalegeza unakanyaga pedeli, na ikishuka zaidi ya vidole viwili umepitiliza, kaza, kaza mpaka ishike. Pelagia hakuwahi kusema nusu ya kwanza bila ya pili. Tatizo ni kwamba wengi wetu tulikuwa tumeshaanza kucheka kabla hajafika huko.

Krismasi ya mwaka juzi, nyumbani kwake, alipouliza mezani nani amerudisha pikipiki ikiwa na kiu, kaka Octavian alimwambia mbele ya wageni, "Wewe Pelagia ungeolewa na sheli." Pelagia akajibu bila kuacha kugawa nyama, "Sheli ingenirudishia mafuta yangu, kaka." Tulicheka mpaka Renatus akapaliwa.

Naam, Renatus. Tarehe 8 Oktoba 2011 Pelagia alifunga ndoa takatifu hapa Tabora na mwalimu Renatus, aliyekaa pale kwenye mkeka, na ndoa hiyo Mungu akaijalia watoto wawili, Adriano, aliyezaliwa mwaka 2012, na Yustina, aliyezaliwa 2016. Karatasi ya kamati imeweka hapa maneno mengi kuhusu mke mwema. Mimi naweka moja tu, kwamba Renatus hajui kuendesha pikipiki, anajua kupanda nyuma na kufumba macho, na miaka yote hiyo Pelagia ndiye aliyempeleka shuleni kwake asubuhi na hakuna hata mmoja kati yao aliyeona aibu. Nayasema haya pia ili asiwepo mtu wa kumtupia macho Renatus kuhusu Jumapili ile pikipiki ilipoazimwa, ambayo nitaifikia.

Shangazi, usinivute kitenge, nasoma.

Sasa tumefika mahali ambapo desturi inataka nisome habari za ugonjwa. Ugonjwa haukuwepo. Pelagia alikuwa mzima wa afya, presha yake nzuri kuliko yangu, na wanaonong'ona kule nyuma kwenye maturubai kwamba huu ni mkono wa mtu, nawaambia ndiyo, ni mkono wa mtu, lakini haukuruka na ungo, ulishika plaizi.

Jumapili tarehe 14 Julai mwaka huu wa 2024, baada ya misa, mtu mmoja aliazima pikipiki ya Pelagia kwenda Ntalikwa kutazama shamba, akairudisha jioni ya siku ile ile. Jumatatu Pelagia alikuwa na kikao ofisini na alikwenda kwa bajaji. Jumanne tarehe 16 Julai asubuhi alipigiwa simu kwamba wakulima wa Igalula wameshakusanyika wanamsubiri, akatoka kwa haraka, na kwa mara moja katika maisha yake hakuisimamisha pikipiki kwa stendi, hakuzungusha gurudumu, hakukanyaga pedeli kuijaribu. Aliiamini. Alitoka na mwendo wake wa kuachia resi mapema, hakuhitaji breki kwenye kona ya kwanza wala ya pili, hadi pale mteremkoni baada ya nyumba za mwisho, njia inaposhuka kwenye kalavati, ng'ombe wakawa wanapanda kutoka kunywa maji na kuijaza njia yote. Akakanyaga. Pedeli ikazama chini kama mguu kwenye uji. Ikabaki breki ya mbele peke yake, kwenye mchanga, na mnaoendesha mnajua breki ya mbele inafanya nini kwenye mchanga. Gurudumu la mbele likachomoka, akaenda kugonga ukuta wa kalavati kwa ubavu. Ng'ombe hakuna hata mmoja aliyekwaruzwa.

Alilazwa hospitali akiwa na akili zake timamu, akivuja damu kwa ndani, na mimi nilifika Alhamisi. Hakulia mbele yangu. Aliuliza kama watoto wamekula, halafu akasema, "Mag, pedeli ilizama. Nati imelegezwa ile, haijilegezi." Nikamwuliza nani aliendesha Jumapili. Akanitajia. Nikasimama kwenda kumtafuta mtu huyo pale pale, na Pelagia, ambaye hakuwa na nguvu ya kushika kikombe, alinishika kidole akasema, "Keti. Usimtaje. Akisema mwenyewe atapona. Ukimtaja wewe atakataa, na akishakataa atabaki kukataa maisha yake yote." Nikamwahidi. Alifariki siku iliyofuata, Ijumaa tarehe 19 Julai, alasiri, akiwa na umri wa miaka arobaini na mmoja.

Alikufa akidhani kimya changu kitamgharimu mtu mmoja tu, yule mwenye kosa. Hakujua kwamba Jumamosi asubuhi, maiti yake bado iko mochwari, familia ingepata haraka ya kumtafuta wa kumbebesha, na kwamba wangemwona aliye karibu zaidi na mwenye mikono yenye grisi. Sabiri aliigusa pikipiki ile mara ya mwisho kabla ya Idi, alisafisha kabureta na kubadili plagi, na tangu hapo Pelagia ameiendesha mpaka ameichosha, ikisimama vizuri popote alipotaka isimame. Niliikagua mimi mwenyewe. Nati ya breki iko kwenye ncha kabisa ya fimbo, bado kidogo idondoke, na ina alama mpya za meno ya plaizi. Sabiri ana spana ya saizi ile, tena mbili, na plaizi pekee iliyokuwa karibu na nati ile ni ya Pelagia, iliyomo kwenye kisanduku chini ya kiti cha pikipiki, ambacho kila aliyewahi kuiazima anajua kinavyofunguliwa. Nati hiyo imetengenezwa ikae kwenye kishimo chake na kubanwa na springi, haitembei safari yote ile kwa mtikisiko wa barabara. Imezungushwa. Imezungushwa na mtu aliyetaka gurudumu liwe jepesi.

Nilikwenda kituoni Jumamosi hiyo hiyo nikawaeleza haya yote, na askari wa zamu, mtu mwenye adabu zake, alinisikiliza mpaka mwisho akasema, "Dada, sisi tunashughulika na watu. Lete mtu, maelezo tunayo." Nilirudi nyumbani nikamkuta mtu huyo yuko hapa hapa msibani, anapokea rambirambi. Nilimtazama. Akaniambia, "Pole, Magreth, tumwachie Mungu." Mungu! Kama kuna jambo linalonichemsha damu kuliko ile nati, ni hilo, kwamba mtu anaweza kukunja suruali, kupiga magoti kwenye rozari, akataja jina la marehemu kwa sauti ya kutetemeka, huku jirani yake amelala kwenye sakafu ya sementi kwa niaba yake. Na kule kwenye kamati, habari za breki zilipofutwa kwenye karatasi yangu, hakuna aliyeuliza kwa nini zimefutwa. Mlisema ni kulinda heshima ya familia. Heshima gani? Kuluthumu alipokuja na sufuria zake Jumapili, mama mmoja wa familia yetu alimwuliza bila haya, "Na wewe umekuja?" Kuluthumu akamjibu, "Nimekuja kwa Pelagia, sikuja kwenu." Nikisema heshima, nasema hiyo.

Namsikia mwenyekiti anakohoa. Maji yapo hapo mezani, kaka.

Kwa niaba ya familia nashukuru. Nawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania dada yangu siku zile bila kutuficha hali yake. Nawashukuru wachungaji wa ng'ombe waliomtoa kwenye kalavati, na dereva wa bajaji aliyempakia na kwenda naye taratibu kama amebeba mayai, ambaye mpaka leo hatumjui jina. Nawashukuru wafanyakazi wenzake wa kilimo na mifugo Uyui, na wakulima wa Igalula, ambao wamekuja na pikipiki zao na, nimezitazama, cheni zote zina oili. Nawashukuru majirani. Namshukuru Kuluthumu peke yake, kwa jina lake, na sitatafuta maneno makubwa, kwa sababu hakuna neno lenye thamani ya kumrudishia mumewe.

Kilichobaki kwenye historia hii ni yale maneno mafupi ya kumwombea marehemu alale vizuri. Nimeyaandika, haya hapa, na siyasomi. Siwezi kumwambia Pelagia atulie wakati aliyemrudishia pikipiki mbovu ametulia kumzidi. Ahadi yangu kwake ina mwisho, na mwisho wake ni mchanga wa kwanza. Jeneza likishashuka na mchanga ukalia juu ya mbao, mimi nitatoka hapa na viatu hivi hivi kwenda kituoni, na nitataja jina, na mtu huyo atakuwa ametajwa na mimi, ametajwa, hakusema, kama Pelagia alivyoogopa. Kati ya sasa na mchanga huo kuna kutembea kutoka hapa hadi pale kwenye shimo. Muda ndio huo. Dada yangu amekupa wewe siku zake za mwisho, akiwa na maumivu ambayo huyajui, na ombi lake la mwisho halikuwa watoto wake wala mume wake, lilikuwa wewe upate nafasi ya kusema.

Kwa hiyo nauliza kama nilivyoahidi. Nani alilegeza breki?

Renatus, kaa. Wewe hapana. Yustina, mwanangu, njoo kwa mama mdogo. Tunasubiri, Baba Paroko, tusamehe, tunasubiri kidogo.

Kaka Octavian amesimama. Mpeni njia. Mpeni kipaza sauti, asije akasema baadaye hakusikika.

"Baba Paroko. Wazee. Ni mimi. Nilikuwa natoka Ntalikwa, mafuta yamekwenda chini, nikajua nikifika atanisema mbele ya watoto, nikakumbuka maneno yake ya gurudumu. Nikasimama njiani, nikatoa plaizi kwenye kisanduku, nikalegeza mpaka likawa linazunguka lenyewe. Nikasema nitakaza nikifika. Nikafika, Pelagia akafungua tangi akachungulia, akaniambia, 'Leo kaka umejifunza.' Akanikaribisha chakula. Nikafurahi, nikasahau. Kuluthumu, mama, Sabiri hakuigusa. Nilipompeleka polisi nilijua hakuigusa. Niliilegeza mimi."